Apu ya ramani imekuingiza kichochoroni na ligari lako? Njoo tutafute shida iko wapi

Kila baada ya wiki mbili tatu hivi napokea simu ya aina moja. Dereva, mara ni kijana wa kupeleka watalii, mara ni mtu kaachiwa kampa ya mgeni aifikishe Watamu, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliefungiwa chooni, "ami, nikuulize, wewe na lile ligari lako watumia apu gani ya ramani?" Nikisikia sauti hio najua keshaingia mahali hapatoki. Na mimi simjibu jina la apu, namuuliza imekufanya nini, maana apu ileile inayomfaa mwenzako itakutia wewe mtaroni, na mara nyingi shida hata haiko kwenye apu, iko kwenye setingi, au kwenye chaji, au kwenye ramani yenyewe ambayo hakuna mtu amewahi kuiambia kwamba pale Bombolulu kuna tawi la mwembe limelala barabarani.

Kampa nazosema hapa ni zile nyumba za magurudumu, Wamarekani wanaziita RV, nyingine zimeundwa juu ya chesisi ya lori kabisa, urefu mita 8 mpaka 12, na juu ukihesabu boksi la ac na sola unakaribia mita 3 na nusu au zaidi. Ukiwa na basi la shule au kanta ndefu soma tu, mambo ni yaleyale.

Kwanza pima gari, simu baadae

Wengi wanaingiza kimo walichokiona kwenye makaratasi. Makaratasi yanasema gari lilivotoka kiwandani, hayajui kwamba fundi wa Changamwe alikuongezea keria na juu yake ukafunga sola. Weka gari mahali sawasawa, panda juu, laza ubao ulionyooka kwenye kitu kilicho juu kuliko vyote (mara nyingi ni ac au ile antena) utokeze nje ya ubavu, angusha kamba yenye jiwe kutoka kwenye ubao mpaka chini, alafu pima kamba. Pima gari likiwa tupu, maana likiwa halina mzigo springi zinalinyanyua na hapo ndo linakuwa refu zaidi kwenda juu. Ongeza sentimita 20 za usalama. Upana pima pamoja na vioo vya pembeni. Uzito usibahatishe, pitisha mzanini likiwa na maji, gesi na mizigo yote.

Andika hizo namba kwenye karatasi ubandike juu ya kioo mbele yako, kwa mita na kwa futi. Kwa nini futi, utaona hapo chini.

Dalili: inakupitisha vichochoroni

Hii ndo malalamiko namba moja na ina sababu kama nne hivi, na watu huwa wanakimbilia ya kwanza tu.

Ya kwanza ni kweli, apu haijui una gari kubwa. Google Maps haina mahali pa kuandika kimo wala uzito, Waze vilevile, ukienda kwenye aina ya gari utakuta vitu kama gari dogo, teksi na pikipiki. Kwao wewe ni Probox. Zinakuonyesha foleni vizuri kuliko mtu yeyote, hapo sina neno nazo, lakini zikiona mtaa uko wazi zinakutupa humo, hazina habari una mkia wa mita tatu nyuma ya tairi.

Ya pili ndo ilionipata mimi. Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha kampa niliingizwa ndani ndani huko Kisauni, kila nikikata kona njia inazidi kubana, mpaka nikafika pahali ukuta kulia ukuta kushoto na mzee mmoja kakaa barazani anakunywa kahawa ananitazama tu. Akanambia, "Mwanangu, hapa hata tuktuk yapita kwa dua." Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, ni ramani imenileta." Akasema, "Marahaba. Basi ipigie simu ije ikugeuzie." Nilirudi rivasi karibu dakika arubaini, watoto wote wa mtaa wanapiga kelele "kata, kata, nyosha!" Kumbe simu nilioshika siku hio ilikuwa ya shemeji yangu, yeye ni mtu wa bodaboda, na Google Maps hapa Kenya ina njia za pikipiki, na ndo alikuwa ameiacha hapo. Nilikuwa naendesha tani kumi kwa ramani ya boda. Kwa hivo kabla ya kuitukana apu tazama kile kipicha juu, ni gari au ni pikipiki?

Ya tatu, kuna setingi ya kuepuka barabara kuu. Mtu aliiweka siku flani akwepe kitu akasahau. Ukiiacha hio, apu inakataa barabara kubwa makusudi, na ukiepuka barabara kubwa Mombasa hii kilichobaki ni nini, si vichochoro tu. Na OsmAnd, apu nyingine ya ramani, ina setingi ya njia fupi badala ya njia ya haraka, ukiiwasha kwenye ligari unajitafutia maneno. Njia fupi ni ya mwenye miguu.

Ya nne hawaijui wengi. Ile pini ya mwisho. Ukiandika jina la hoteli au nyumba, apu inachukua pahali pini ilipowekwa, mara nyingi katikati ya jengo, alafu inatafuta barabara iliokaribu na hapo pini. Sasa hoteli za Nyali na Diani kiwanja kinatoka barabarani mpaka baharini, barabara iliokaribu na katikati ya jengo inaweza kuwa kile kijia cha pembeni cha kushukia pwani wanachopita wavuvi, na geti la magari liko upande mwingine kabisa. Dawa yake nyepesi, usiandike jina, fungua picha ya setilaiti, tafuta geti kwa macho, bonyeza kwa kidole mpaka pini itoke pale getini na ndo uende hapo. Na ukishaliona geti piga simu uulize lina paa la makuti juu au halina. Geti za makuti zimeng'oa ac nyingi kuliko madaraja yote ya Pwani, na hakuna apu inayozijua.

Dalili: nimeweka apu ya malori, nimejaza vipimo vyote, bado nimevuta waya

Pole, na mimi nimevuta. Tulikuwa tunaingia mtaa mmoja nyuma ya Mtopanga kumchukua mgeni, boksi la ac likanasa waya wa umeme ulioning'inia, nikasikia mlio tu juu, nikasimama hapohapo. Hakuna alieumia lakini mtaa ulikaa giza mpaka usiku, na siku hizi nikipita huko nazunguka njia nyingine.

Hapa ndo lazima tuelewane. Apu yenye profaili ya lori, iwe OsmAnd au Sygic ile ya malori na karavani, haioni kitu. Inasoma. Kama kwenye ramani kuna mtu ameandika daraja hili mwisho mita 3.5, na wewe umeiambia gari lako ni mita 3.7, itakuzungusha. Kama hakuna alieandika, kwake hapo ni wazi mpaka mbinguni. Kule Marekani zinafanya kazi vizuri kwa sababu madaraja yao ya chini yana vibao na vibao vimeingizwa kwenye ramani, na hata hivo watu bado wanagonga. Kuna daraja la reli Durham, North Carolina, lilikuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8, likawa linachuna mapaa ya malori kila leo mbele ya kamera mpaka likapata umaarufu duniani, 2019 ikabidi walinyanyue hadi futi 12 na inchi 4, na bado kuna wanaochunwa. Vibao vipo, taa zipo.

Sasa sisi hapa tatizo letu kubwa sio daraja. Ni waya, ni matawi ya miembe na mikorosho, ni geti, ni mabango ya duka yanayotokeza, na hivo vyote havina kibao. Kwa hivo profaili ya lori hapa inakusaidia nusu, itakuepusha na njia nyembamba za miguu na baadhi ya vizuizi vya uzito, hio nusu nyingine ni tanboi wako, yule msaidizi wa garini. Ukiacha lami tu, tanboi ashuke atangulie na fito iliokatwa sawasawa na kimo chako pamoja na zile sentimita 20. Fito ikigusa, gari halipiti, hapana mjadala. Waya ikiwa chini usimwambie aupandishe na fito, hata fito ya mbao, hata kama jirani anasema "huo ni wa simu tu". Rudi nyuma.

OsmAnd inatumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza 2004, na hio kila mtu anaweza kuihariri. Mimi nikikutana na kizuizi cha kudumu, labda nguzo zimefunga njia au kibao cha kimo kiko wazi, jioni naingia naandika. Inachukua dakika mbili, na ukisubiri sasisho la ramani la mwezi unaofuata apu yako mwenyewe itakuwa inakijua.

Dalili: inasema hakuna njia, au inakuzungusha kama umelaaniwa

Kijana mmoja alinipigia analia kwamba apu inakataa kumtoa Mtwapa kuja Nyali, njia iliyonyooka kabisa. Nikamwambia nisomee kimo ulichoandika. "Kumi na tatu nukta sita." Kampa ilikuwa ya Mmarekani, kibao ndani kimeandikwa futi 13 na inchi 6, yeye kaandika 13.6 mahali pa mita. Gari la mita 13 kwenda juu, yani ghorofa nne, ipite wapi? Futi 13 na inchi 6 ni mita 4.11. Na angalia kuna mtego mwingine humohumo, futi 13 na inchi 6 sio 13.6 ni 13.5, futi ina inchi 12.

Uzito vilevile. Paundi 2,205 ndo tani moja yetu ya kilo 1,000, na tani ya Kimarekani ni kilo 907 tu. Ukiandika paundi elfu ishirini na mbili mahali pa kilo umeligeuza gari la tani kumi kuwa la tani ishirini na mbili na apu itaanza kukunyima madaraja. Ndo maana nikasema andika karatasi.

Dalili: nimelipa alafu Kenya haimo

Hii ni fupi. Apu nyingi zinazosifiwa kwa RV zimeundwa kwa ajili ya kule kwao, RV LIFE kwa mfano ni ya Marekani na Kanada. Mgeni anakuja nayo anakupa simu anakwambia tumia hii, unafungua unaona bahari. Usilipe kitu chochote cha mwaka kabla hujafungua orodha ya nchi, na Kenya ukiiona kwenye orodha usishangilie bado, tumia zile siku za bure, ipe safari unayoijua mwenyewe usiku na mchana, tuseme Bamburi mpaka Miritini, uone inakupitisha wapi. Ikikupitisha pabaya njia unayoijua, njia usioijua itakufanyaje?

Dalili: kila saa inakurudisha Likoni

Ukienda Kusini, Diani, Msambweni, Lungalunga, apu nyingi zinaihesabu feri ya Likoni kama kipande cha barabara chenye dakika zake. Haijui foleni ya magari makubwa, haijui maji yakitoka ule mteremko wa kupandia unakuwa mkali na kampa yenye mkia mrefu inakwaruza chini. Ingia setingi, weka tiki kwenye kuepuka feri, ziko nayo zote, Google Maps, Waze na OsmAnd. Hapo itakutoa Miritini ikupitishe barabara ya Dongo Kundu, Mwache, daraja la Mteza, unatokea Kibundani kwenye barabara ya Lungalunga. Kama unatoka Nyali ni mzunguko mrefu, inabidi ukate kisiwa upite Makupa na Changamwe kwanza, na mimi bado naichagua nikiwa na kampa.

Ukifika Mteza alafu mshale wako unaelea juu ya maji, ramani yako ya oflaini ni ya zamani kabla barabara haijafunguliwa. Sasisha tu. Na ukitoka Kilifi kwenda Nairobi usikubali ikulete mjini, iambie ipitie Mavueni, Kaloleni, utokee Mariakani. Weka Kaloleni kama kituo cha katikati, apu yoyote itatii.

Dalili: mshale unaruka, au inakwambia kata kona ushaipita

Gari dogo ukikosa kona unageuza. Ligari ukikosa kona umeenda Mazeras. Kwa hivo hii tuichunguze.

Ikiwa inaruka pahali pamoja tu, kama pale barabara zinapopandana kuelekea bandarini, ujue GPS ya simu haijui vizuri uko juu ya daraja au chini yake, inakisia. Hapo soma vibao, usiitegemee. Ikiwa inaruka kila mahali, angalia kioo, kuna tinti zenye madini ndani na kuna vioo vya mbele vya kuzuia joto, vyote vinadhoofisha mawimbi ya setilaiti, sogeza simu uone kama kuna tofauti. Ikiwa inachelewa au inakufa ukifungua kitu kingine, hio ni simu inaokoa betri, ingia kwenye setingi za betri uiruhusu apu ifanye kazi bila kuzuiwa, na lokesheni iwe ile kamili isiwe ya kukadiria. Na ongeza muda wa sauti kutangulia, kwenye OsmAnd unaweza kuchagua itangaze mapema.

Kitu kingine cha OsmAnd nachokipenda, unaweza kuizuia isipange njia upya kila ukitoka kidogo. Nyingine ukipita kona kidogo tu zinaanza "geuka, geuka", na dereva mgeni anatii anaingia mtaa wa kwanza kugeuza. Ndo anapokwama.

Dalili: simu inapata moto, inazima, chaji inashuka na imechomekwa

Kampa na mabasi vioo vyake ni vikubwa vimesimama wima, jua la Mombasa linaingia lote. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye joto la sifuri mpaka 35, na dashibodi yako saa saba mchana imepita hapo zamani. Simu ikizidiwa inafifisha skrini, inakataa chaji, mwisho inazima. Toa kava, ifunge mbele ya tundu la ac, usiilaze dashibodini.

Ya chaji, tundu la USB la redio nyingi linatoa nusu ampea, ramani na skrini vinakula zaidi ya hio. Nunua kichwa cha chaja cha maana, lakini kabla hujanunua ujue kampa za chesisi ya lori nyingi ni za volti 24. Chaja ya volti 12 peke yake utaisikia inanuka. Isomeke 12-24.

Dalili: mtandao umekata na ramani nayo

Waze haina ramani ya kupakua, ukivuka sehemu za Tsavo bila mtandao na ukabadili njia imekwisha. Pakua Kenya nzima kwenye OsmAnd ukiwa na WiFi, ya bure ya Android inakupa ramani 7 na Kenya ni moja tu, zinakutosha mpaka Tanzania. GPS yenyewe haili bando.

Na saa za kufika usiziamini kwenye apu za magari madogo. Magari ya biashara mwisho wetu ni 80 kwa saa. Mombasa Nairobi ni kama kilomita 480, ukipata wastani wa 60 hio ni masaa manane bila kula.

Mimi kwenye kioo nina simu mbili, ya kwanza OsmAnd na profaili ya lori ndo inaongea, ya pili Google Maps imenyamazishwa inanionyesha foleni tu, Nyali na Kongowea wapi kumejaa, na njia zake sizifuati. Ningekuwa na moja tu ningebaki na OsmAnd, japo sura yake mbaya na menyu zake zimejaa mpaka kichwa kinauma.

Ukiwa ushaingia tayari

Simama palepale, usijaribu kufika mbele "labda kuna pa kugeuza", hapana. Zima sauti ya apu, washa hazadi, tanboi ashuke nyuma upande wako ili umuone kwa kioo. Watakuja vijana kumi kila mmoja anakuelekeza kwake, chagua mmoja, mwambie wewe ndo macho yangu, wengine wakae pembeni na watoto. Rudi kwa njia uliojia, hata ikiwa ni nusu saa, ulipopita ukija utapita ukirudi. Ukitoka, wanunulie soda, alafu kabla hujaondoa gari weka pini pale mdomoni mwa ule mtaa uipe jina. Mimi ya Kisauni nimeiita "Kwa mzee wa kahawa".